Mikono Chini ya Kichwa cha Hajja Wadha

Suwaima, ufukweni
4 Aprili 1987

Dada Ibtihaji,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na shemeji Mufleh, na nawabusu watoto wote, hasa Ghazi ambaye nasikia ameanza kuota ndevu na hataki kubusiwa. Mimi ni mzima. Jibini uliyompa dereva wa basi ilifika, ila joto la huku liliiwahi; nusu yake tuliila siku ileile mimi na wenzangu isije ikaharibika. Mvua za mwisho zimekwisha huko kwenu milimani, maana maji ya mabonde yalishuka ziwani yakiwa mekundu na siku mbili tulifunga ufukwe. Sasa kumetulia. Wageni ni wengi kuliko mwaka jana, kila mtu anataka kumaliza matibabu yake kabla ya Ramadhani.

Mguu umepona, usiulize tena.

Sasa nikueleze kilichonikalisha kuandika. Unaijua kazi yangu. Wanawake wengi wanaoletwa hapa kwa agizo la daktari hawajawahi kuingia kwenye maji yanayopita goti. Wanaambiwa kwamba Bahari ya Chumvi haimzamishi mtu, wanaitikia, lakini miili yao haiamini. Basi mimi naingia nao mpaka maji yanifike kifuani, nawalaza chali, naweka viganja chini ya kichwa, nangoja shingo ilegee. Ikilegea, naondoa mkono mmoja. Wengine hulala usingizi humohumo.

Jumatatu aliletwa mgonjwa mpya kutoka Karak, bibi wa miaka sabini hivi, magamba meupe kuanzia viwikoni mpaka mabegani na hadi kwenye ngozi ya kichwa. Akavua shungi, akavua miwani. Alikuwa Hajja Wadha.

Naam, mama mkwe wangu wa zamani. Hakunitambua. Mimi kazini nafunga uso kwa kitambaa kwa ajili ya jua na mng'ao wa maji, yanabaki macho tu, na yeye bila miwani haoni vizuri. Alinipa mkono kama wanavyonipa wote, akaniomba twende taratibu kwa sababu mifupa yake ni ya zamani. Nikamwingiza. Nikamlaza. Dada, kichwa kile kilikaa mikononi mwangu robo saa nzima. Ndiye huyu aliyesimama mlangoni kwa baba miaka saba iliyopita, Atalla alipokwisha kunipa talaka, akamshika Maisuni wangu mkono na kumwingiza garini, mtoto wa miaka minne, kiatu mguu mmoja. Ndiye aliyemwambia baba kwamba mtoto ni wa kwao na hakuna cha kuzungumza. Na baba, Mungu amrehemu, hakuzungumza.

Alilegea upesi kuliko wagonjwa vijana. Akaanza kuongea, kama waongeavyo wote maji yakishawabeba. Akaniambia ana mjukuu anayemsomea gazeti kila asubuhi. Akaniambia mjukuu huyo hali vitunguu, anavitoa kimoja kimoja na kuvipanga pembeni mwa sahani. Nikamuuliza jina la mtoto, sauti yangu ikiwa ya kawaida kabisa.

"Maisuni," akasema.

Atakaa wiki nne. Kila siku mara mbili, asubuhi na alasiri, amepangwa kwangu. Sijamwambia msimamizi lolote. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Rasmia


Tafila
12 Aprili 1987

Mdogo wangu Rasmia,

Barua yako imefika leo asubuhi nami najibu leo leo, mikono yangu ina unga. Sote tu wazima. Ghazi kweli ndevu zimeanza, na sauti imekuwa kama ya mbuzi. Mlozi wa uani umetoa maua mapema mno, baridi ikayapiga, hatutaonja kitu mwaka huu. Mufleh anakusalimu, ingawa sikumwonyesha barua yako na wala sitamwonyesha.

Sikiliza. Nenda kesho kwa msimamizi, mwambie mguu umerudi kuuma, akupe kazi ya taulo au ya kupaka watu tope. Usimfunulie yule bibi uso wako. Usimwambie jina lako. Na akianza tena habari za mtoto mkatishe, mwambie daktari amekataza kuongea majini. Usimuulize chochote, Rasmia, wala usikubali akuulize.

Unajua mimi naishi na nani. Atalla ni mtoto wa baba mkubwa wake Mufleh, mbuzi wanauza pamoja, na nyumba hii ina amani kwa sababu jina la yule mtoto halitajwi ndani yake. Wewe umetulia sasa. Una kazi, unalala, unakula. Usichokonoe kidonda kilichofunga.

Nijibu upesi kwamba umefanya nilivyosema.

Dada yako,
Ibtihaji


Suwaima
21 Aprili 1987

Dada Ibtihaji,

Nawasalimu wote. Pole kwa mlozi. Huku nyanya za bondeni zimejaa hata hazina mnunuzi, nitakutumia sanduku basi likipita.

Sikufanya ulivyosema. Nilifika mpaka mlangoni kwa msimamizi nikarudi. Sikutaka mtu mwingine amshike.

Mpaka juzi alikuwa anaongea na mimi nasikiliza. Maisuni ana kipaji cha hesabu. Maisuni alivunjika mkono mwaka juzi kwa kuruka ukuta. Maisuni ni mrefu, hafanani na watu wa kwao. Kila nikitoka majini najifungia bafuni, naoga maji matamu mara mbili, na chumvi bado naionja.

Jana alasiri upepo ulianza ghafla kutoka kusini. Ziwa hili ukiliona limelala utadhani ni mafuta, lakini likipigwa na upepo mawimbi yake ni mazito, yanagonga kama mawe. Bendera nyekundu ikapandishwa. Wenzangu wakawatoa wagonjwa wao. Mimi nilikuwa nimemwachia kichwa Hajja Wadha, kwa sababu siku hizi anaelea mwenyewe, nami nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Wimbi likampiga ubavuni, likamgeuza kifudifudi.

Wewe hujaingia maji haya, kwa hiyo nikueleze. Mtu akilala kifudifudi humu, miguu inanyanyuka nyuma na kukataa kushuka. Maji yanayomzuia asizame ndiyo hayohayo yanayomzuia asigeuke. Uso uko ndani, macho yanaungua, na akivuta pumzi mara moja tu anavuta sumu. Kijana hupiga mikono akajinusuru. Bibi hawezi. Niliona mikono yake ikipapasa, mgongo wake uko juu, gauni limevimba upepo.

Nami nilisimama, dada. Sitakuficha. Nilisimama nikamtazama. Sikuwaza neno lolote, si Maisuni, si baba, si lolote. Ulikuwa muda mfupi, mtu asingeugundua akiwa nchi kavu. Lakini mimi naujua urefu wake. Ndipo nikaenda, nikamgeuza, nikamburuta mpaka penye kokoto, nikamwagia chupa mbili za maji matamu machoni na puani. Alitapika mpaka akaishiwa. Walimbeba wakamlaza chini ya turubai, daktari akaja akampima, akasema Mungu amemwokoa.

Watu walipotawanyika nikabaki naye. Kitambaa changu kilikuwa kimepotelea majini. Alinitazama kwa macho mekundu.

"Ulichelewa," akasema.

Nikamwambia ndiyo, nilichelewa.

"Ningekuwa wewe ningechelewa zaidi."

Alikuwa amenijua tangu siku ya tatu, Ibtihaji. Alisema, "Uliniosha nywele hizi miaka sita nzima. Ulidhani siijui mikono yako?" Alikuwa ananingoja niseme. Zile habari zote za Maisuni alikuwa ananipa mimi kwa makusudi, kidogo kidogo, aone kama nitalia au nitauliza. Na kwa kuwa nilikuwa kimya akazidi kuamini alichoamini siku zote, kwamba mtoto nimeshamtoa moyoni. Kisha akaniuliza kitu ambacho mimi sikukielewa, akakirudia, bado sikukielewa. Aliniuliza kwa nini sikumjibu mtoto hata barua moja, ilhali yeye mwenyewe Hajja Wadha alizipeleka posta kwa mkono wake, tatu, kwa siri ya Atalla, kwenye sanduku la posta la Tafila.

Barua gani, dada?

Rasmia


Tafila
10 Mei 1987

Mdogo wangu mpenzi,

Ramadhani njema, Mungu atupokelee funga zetu. Nisamehe kwa kuchelewa, unajua mwezi huu ulivyo kwa mwanamke mwenye jiko. Kila siku nafuturisha watu wasiopungua kumi, ndugu zake Mufleh wameamua kwamba supu ya dengu nzuri inapatikana kwangu tu. Nyanya zako zilifika zote nzima isipokuwa za chini. Nimezipika mchuzi nikaweka kwenye chupa. Ghazi anafunga siku nzima mwaka huu, alasiri analala kama maiti, adhana ikilia anafufuka. Mdogo wake Rabia ameota meno mawili ya mbele na amemng'ata paka. Mama Salti jirani yetu ameanguka ngazi lakini hakuvunjika. Umeme unakatika kila siku saa ya kufuturu.

Nimefurahi kwamba yule bibi amepona. Ulifanya jambo jema, na hilo la kusimama usiliweke moyoni, mtu akishtuka huganda.

Kuhusu ulichoniuliza, wazee huchanganya mambo, na amekunywa maji mabaya. Tutaongea ukija Idi. Nitakupikia nyama ya kondoo kwa mtindi mkavu kama alivyokuwa akipika mama, usilete kitu chochote, ujilete wewe tu.

Dada yako akupendaye,
Ibtihaji


Suwaima
15 Mei 1987

Dada,

Idi siji.

Hajja Wadha hakuchanganya kitu. Amenitajia miezi. Amenitajia namba ya sanduku kwa kichwa, na ni namba ya shemeji Mufleh, ambaye funguo zake za posta unazishika wewe.

Barua yako ina kurasa mbili na mistari kuhusu paka. Nijibu neno moja, ndiyo au hapana.

Rasmia


Tafila
3 Juni 1987

Rasmia,

Ndiyo.

Nimekaa na karatasi hii tangu siku ya Idi. Kila nilichoandika kilikuwa kinamsema Mufleh, nikakichana. Mufleh hajui. Hajawahi kuziona. Angeziona angekasirika, hilo ni kweli, na nimejificha nyuma ya kweli hiyo miaka mitatu.

Ya kwanza ilikuja ule mwaka ulioanza kazi ziwani. Unakumbuka ulivyokuwa kabla ya hapo. Ulikuwa unalala kwenye kile chumba cha nyuma, nakulisha kwa kijiko, nakuficha visu. Kisha ukapata kazi, ukaondoka, ukaniandikia kwamba umelala usiku mzima bila dawa. Wiki ileile nikafungua sanduku la posta nikakuta bahasha yenye mwandiko wa mtoto. Niliifungua mlemle posta, nikaisoma nimesimama. Nikajiambia nitakupa ukishapata nguvu. Mwezi mmoja, miwili. Nikajiambia nitakupa mwakani.

Ilipokuja ya pili ningekupaje bila kukuambia kwamba kulikuwa na ya kwanza? Basi nikaiweka pamoja na mwenzake. Ya tatu vilevile. Hizo mbili sikuzifungua. Zilikuwa chini ya gunia la bulgur, ile ngano ya kupondwa, na kila nikichota bulgur nilikuwa nazigusa.

Nilikuandikia Aprili ubadilishe kazi, si kwa ajili ya amani ya nyumba hii. Nilijua yule bibi akiongea nawe dakika kumi atakuambia.

Zote tatu zimo ndani ya bahasha hii. Nilikulea wewe baada ya mama kufa, na nilidhani hilo linanipa haki ya kuamua usikie nini na usisikie nini. Sikuombi unijibu.

Ibtihaji


Suwaima
20 Juni 1987

Dada Ibtihaji,

Nawasalimu nyumba nzima. Joto huku sasa halisemeki, saa tatu asubuhi kokoto zinaunguza nyayo na nzi wamelegea hata kuruka hawataki. Wagonjwa wamebaki wachache. Mama Salti mpe pole ya kuanguka.

Barua zilifika. Nilizisoma kwa mpangilio wa tarehe. Katika ya kwanza ananiita mama na ameandika jina langu mara nne kwa rangi nne. Katika ya pili ananiuliza kama ninaumwa. Katika ya tatu ameandika "Bi. Rasmia", kisha mistari mitatu ya heshima kama mtu anayemwandikia mwalimu mkuu. Hiyo ya tatu ndiyo ninayolala nayo.

Sikukujibu kwa wiki mbili kwa sababu kila neno nililopata lilikuwa la kukuumiza, na yote hayakutosha. Basi nikuelezee tu jana.

Hajja Wadha alimleta. Shule zimefungwa, Atalla amekwenda Akaba kuuza mbuzi zake, na yule bibi akamwambia kila mtu kwamba magamba yamerudi shingoni na anahitaji kuelea siku moja na mjukuu wa kumshika mkono. Wakafika na basi la asubuhi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa ua wa matete, uso wazi. Nilimjua kwa mwendo. Anatembea kama wewe, Ibtihaji, anatanguliza bega.

Alinipa mkono, akasema "Asalaam aleikum", akautoa mkono haraka. Hakuniita jina lolote, si mama, si bibi, si shangazi. Tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, yeye akakigeuza kiti chake kikatazama ziwa, nikawa naona sikio lake na shavu. Nilimwandalia mkate na zeituni, na nyanya zisizo na vitunguu. Alikula kwa adabu. Bibi yake alitutazama, akatikisa kichwa, akaingia majini peke yake akatuacha.

Saa nzima tulizungumza habari za shule. Unapenda somo gani. Mwalimu wenu ni nani. Ningekuwa mgeni kutoka wizarani ningeuliza maswali hayohayo.

Mwishowe akaniuliza kama ni kweli hapa mtu hazami. Nikamwambia ajaribu. Alikuwa na mkwaruzo kwenye goti, chumvi ilipoufikia akauma midomo bila kulia. Nikamlaza chali. Alikuwa ameikaza shingo kama mti. Nikaweka viganja chini ya kichwa chake, nikasema ninachowaambia wote, asisaidie, maji yanajua kazi yao. Ilichukua muda. Nimeshika vichwa vya wanawake wasio na idadi, dada, na sijawahi kungoja shingo ilegee kama nilivyoingoja ile. Ilipolegea alifumba macho.

Ndipo akauliza, macho yamefungwa, kwa sauti kubwa kidogo kama waongeavyo watu ambao masikio yao yamo majini.

"Ulizipata barua zangu?"

Nikamjibu. Nilisema, "Sikuzipata mpaka mwezi huu." Lakini masikio yake yalikuwa chini ya maji, hakusikia. Alingoja kidogo, kisha akasema taratibu, si kwangu, "Haya basi."

Ningeweza kunyamaza pale. Alikuwa amelegea, maji yametulia, bibi yake anaelea mbali kama gogo. Siku nzima ingepita vizuri, na angerudi Karak akijua mama yake ni mwanamke mwenye mikono mizuri asiyejibu barua. Nilikuwa nimekwisha kusimama hivyo mara moja, mwezi wa nne, nikamtazama mtu.

Nikamnyanyua kichwa mpaka masikio yakatoka majini. Nikarudia.

Alisimama. Maji yalimfika mabegani. "Zilikuwa wapi?"

"Kwa mama yako mkubwa, Tafila."

"Alizipoteza?"

Aliniuliza kwa huruma, dada. Alikuwa ananipa njia ya kutokea, nadhani hata na wewe alikuwa anakupa, na yeye ni mtoto wa miaka kumi na moja. Nikamwambia hapana, hazikupotea, ziliwekwa.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na sababu zako zote, ulinipa kurasa nzima. Chumba cha nyuma, kijiko, visu. Ningeweza kukusemea, na labda ningekusemea vizuri kuliko unavyojisemea mwenyewe. Nikaona nikifanya hivyo nitakuwa nimezifungua barua zisizo zangu. Nikamwambia, "Hilo sharti akujibu yeye."

Hakulia. Alijimwagia maji ya chupa machoni, akatoka, akakaa juu ya jiwe lenye maganda ya chumvi akawa anayabandua kwa kucha. Alikaa pale mpaka bibi yake akatoka. Kisha akamwambia, mbele yangu, kwamba anataka kwenda Tafila. Hajja Wadha alinitazama mimi, kisha akamtazama mtoto, akamwambia watakwenda.

Wakati wa kupanda basi alinipa mkono tena. Safari hii hakuutoa haraka.

Wanakuja kwako Alhamisi, tarehe mbili Julai, kwa basi la adhuhuri. Shemeji Mufleh mwambie kabla, au usimwambie, nyumba ni yako. Mimi sitakuwepo. Nimeomba ruhusa nikanyimwa, na hata ningepewa nisingekuja, kwa sababu mbele yangu ungekuwa unanitazama mimi badala ya kumtazama yeye.

Najua utapika tangu alfajiri. Pika. Lakini usimkaribishe chakula kwanza, dada, wala chai. Mwambie hapohapo mlangoni kabla hajavua viatu. Maana akishakaa na kula utamwonea huruma, na wewe ukimwonea mtu huruma ndipo unaponyamaza.

Mdogo wako,
Rasmia